Wingu Juu ya Baiskeli

Gazeti lililonichora lilifika Sumbawanga likiwa na umri wa siku tatu. Ndivyo magazeti yote yalivyotufikia wakati ule. Yalipanda basi Dar es Salaam, yakalala Mbeya, yakapanda basi jingine, na yaliposhuka hapa stendi yalikuwa mekundu kwa vumbi. Hatukujali. Tulikuwa tumezoea magazeti ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na sasa enzi ya ruksa ilikuwa imeingia, watu binafsi wakaruhusiwa kuchapa, na kila mwezi lilizuka jina jipya. Kila gazeti lilikuja na mchoraji wake wa katuni, na watu wa mji wetu walizipenda katuni kuliko hotuba.

Muuza magazeti wa stendi aliyatundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na chini ya kamba hiyo kila asubuhi walisimama watu kumi, kumi na watano, wakisoma bila kununua. Siku hiyo nilikuwa natoka kununua chaki. Akaniona kwa mbali nikiendesha baiskeli yangu, akapunga mkono.

"Mwalimu, simama kidogo uje ujione."

Nilishika breki. Watu walinipisha kwa adabu iliyonitia wasiwasi. Katika ukurasa wa ndani, aliokuwa ameukunja makusudi uonekane, palikuwa na mchoro wa mwanamke aliyepanda baiskeli, hijabu yake nyeusi imejaa upepo mpaka imembeba juu ya mlima, magurudumu yakielea hewani. Chini walisimama wanaume wawili waliovaa makabuti, wameinua vichwa. Mmoja anauliza, "Lile wingu, mvua inakuja?" Mwenzake anajibu, "Hapana, ni mwalimu anawahi kipindi."

Nilicheka. Siwezi kusema uongo, nilicheka kabla ya mtu yeyote pale, kwa sababu upepo wa kipupwe katika nyanda hizi za Ufipa ninaujua, na mara mbili ulikuwa umetaka kunitupa mtaroni. Kisha nikautafuta uso wangu katika mchoro ule nisiuone. Wanaume wa kabuti walikuwa na macho, pua, hata ndevu. Mimi nilikuwa na kichwa cheusi tupu, kama chungu kilichopinduliwa. Sikuwahi kufunika uso wangu hata siku moja. Kicheko kikanikauka.

"Ni mimi kweli?" nilimuuliza muuza magazeti, nikitumaini atabisha.

"Mwalimu, mji mzima huu una hijabu ngapi juu ya baiskeli?"

Ilikuwa moja tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili wa kazi katika shule ya msingi kule Kasense. Kwetu tulikuwa watu wa duka na lori. Babu wa baba alitoka Ujiji na mizigo ya chumvi na nguo, akaoa hapa, na hatukuondoka tena. Mama ni Mfipa wa Mwimbi, aliyebadili dini alipoolewa, na mama yake, yaani bibi yangu, alibaki Mkatoliki wa rozari shingoni. Miezi ile bibi alikuwa anakaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya mguu. Alfajiri nyumba yetu ilikuwa na baba anayesali sebuleni na bibi anayenong'ona salamu zake za rozari chumba cha pili, na hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti.

Hijabu nilirudi nayo kutoka chuo cha ualimu. Kabla ya hapo nilivaa kama wanawake wengine wa mjini kwetu, khanga kichwani ukitoka, mtandio siku ya Ijumaa. Chuoni tulikuwa wasichana sita tuliosoma dini pamoja, na nikaamua. Mama alinishonea tatu kwa cherehani yake, nyeusi, zinazoshuka mpaka kiunoni. Baiskeli nayo ilikuja na lori la baba kutoka Tunduma, wakati maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu. Ilikuwa ya kike, ile isiyo na bomba la juu, yenye kikapu mbele. Baba aliniletea yeye mwenyewe, akasema mtu asiyewahi kazini hana tofauti na asiyekwenda.

Jioni ile alikuwa ameshaliona gazeti. Lilikuwa mezani, limekunjwa vizuri. Mama alikuwa amekaa pembeni yake.

"Baiskeli iingie stoo," baba alisema.

"Baba, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lakini leo watu watatu wamekuja dukani hawakununua kitu. Walikuja kunitazama mimi baba yake wingu. Kuanzia kesho nitakupeleka mwenyewe."

Bibi aliomba asomewe. Nilimsomea, nikamwonyesha na mchoro. Aliusogeza karibu na jicho lake moja lililobaki zima.

"Huyu ni nani?"

"Wanasema ni mimi, bibi."

"Si wewe," alisema akinirudishia. "Wewe una mdomo."

Kesho yake nilipelekwa shuleni kwa lori. Kama baba alidhani hiyo ndiyo njia ya kunisitiri, Kasense ilimwonyesha. Lori la tani saba halikuwa na sababu ya kupita kwenye njia ile asubuhi isipokuwa msimu wa mahindi, na msimu ulikuwa bado. Watoto walitoka mashambani na majumbani wakalikimbilia, wakining'inia nyuma, wakiimba, na nilipofunguliwa mlango nikashuka na madaftari yangu, shule nzima ilikuwa imejipanga kama inampokea mkuu wa mkoa. Mwalimu mkuu aliniangalia kwa huruma. Siku ya pili walikuwa wengi zaidi. Siku ya tatu bibi alimwambia baba wakati wa chai:

"Mkwe wangu, umemshusha kwenye baiskeli umempandisha kwenye lori. Gazeti likimchora juu ya lori utampandisha wapi?"

Baba alimheshimu sana mkwewe. Alimaliza chai yake akaenda dukani. Lakini siku ya nne lori lilikuwa na safari ya Mwimbi, nami nikaenda kwa miguu, mwendo wa saa moja na zaidi, upepo ukinipiga usoni. Nilimkuta mwalimu mkuu amesimama mlangoni mwa darasa langu, akiwashikia watoto kipindi ambacho hakukijua.

Wakati huo mjadala ulikuwa umeshakuwa wa mji. Ulikuwepo hata kabla ya katuni. Redioni na magazetini watu walikuwa wakibishana kama wasichana Waislamu wajifunike shuleni au wasijifunike, na sisi tuliyasikia hayo kama mambo ya mbali. Sasa yalikuwa na mahali, na mahali penyewe palikuwa mimi. Kwa kinyozi wa karibu na soko walibishana mpaka mtu mmoja akatoka amenyolewa upande. Wapo waliosema mwalimu wa serikali asivae dini yake mbele ya watoto wa watu. Wapo waliosema katuni imetukana Uislamu, na mjumbe mmoja wa msikiti alikuja nyumbani kumtaka baba atie saini barua ya kulalamika. Baba alipoisoma aliona kwamba aya ya mwisho inaomba pia wanawake wa Kiislamu wakatazwe kupanda baiskeli. Akamrudishia kalamu yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Wa huku walitaka nivue, wa kule walitaka nishuke, na wote walizungumza kama mimi sipo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata palikuwa na mkutano wa wazazi, ulioitishwa zamani kwa ajili ya madawati. Baridi ilikuwa kali, watu wamejiviringisha makabuti, mablanketi, vitenge juu ya vitenge. Tulikuwa hatujamaliza hata dawati la kwanza aliposimama mzazi mmoja, mkulima wa pale pale Kasense, mzula wake wa sufu umevutwa kichwani mpaka kwenye nyusi, skafu imefunika kidevu. Gazeti lilikuwa mfukoni mwake.

"Mimi nina la kusema kuhusu mwalimu huyu," alisema. "Shule si msikiti. Si kanisa pia. Tunachekwa mpaka Dar es Salaam."

Mwenye duka mmoja kutoka mjini, Mwislamu, ambaye watoto wake walisoma kwetu kwa sababu alikuwa na shamba jirani, alisimama kumjibu. "Nguo ya mwalimu haina kosa. Ni ya heshima. Kosa ni ile baiskeli. Asingepanda, nani angemchora?"

"Hapo sawa," alisema yule wa mzula, na wote wawili wakashangaa kujikuta wamekubaliana.

Akasimama baba mmoja Msukuma, wa zile familia zilizohamia na ng'ombe zao, mrefu, fimbo mkononi. Alikuwa hapendi kusema mikutanoni kwa sababu watu walimwona mgeni.

"Ng'ombe wangu wakiiona hiyo baiskeli wanakimbia," alisema. "Mara mbili wamekimbilia kwenye mahindi ya watu na nimegombezwa. Lakini watoto wangu wakiiona wanaifuata. Mimi naona tuwasikilize watoto, tuwaache ng'ombe."

Watu walicheka, na katika kicheko hicho mama mmoja aliyekaa chini ya dirisha alisema, "Mbona mwenyewe hajaulizwa?"

Mwalimu mkuu alinigeukia. Nikasimama.

"Nguo hii nimeichagua mwenyewe, sikulazimishwa na mtu," nilisema. "Baiskeli nayo naipenda. Nikija nayo nafika kabla ya kengele. Siku hizi mmeniona nikija kwa lori, mmeniona nikija kwa miguu nimechelewa. Anayetaka nivue, aniambie mtoto wake ataelewa hesabu zaidi kwa njia gani. Na anayetaka nishuke, aniambie nani atashika kipindi cha kwanza." Halafu nikamgeukia yule wa mzula, kwa sababu jambo lilikuwa limenijia papo hapo. "Baba, samahani. Hiyo katuni uliisoma mwenyewe?"

Alisita. Kila mtu alijua hakuwahi kukaa darasani, na mimi nilikuwa nimelisahau hilo mpaka maneno yameshatoka. Nikatamani niyarudishe.

"Nilisomewa na binti yangu," alisema.

"Yuko darasa la ngapi?"

"La tatu." Tabasamu likaanza kumtoka kwenye skafu hata asiweze kulizuia. "La kwako."

"Alisoma vizuri?"

"Alisoma yote, bila kusimama. Hata neno 'kipindi.'"

Hapo mkutano uliharibika kwa kicheko, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka mwisho. Alikaa chini akavua mzula akajifuta nao macho. Madawati tulirudi kuyazungumza baadaye, na kwa furaha ile watu waliahidi mbao nyingi kuliko tulizoomba.

Habari zilifika mjini kabla yangu. Nilipoingia uani nilimkuta baba amechuchumaa, mikono yote miwili ina mafuta, baiskeli imepinduliwa matairi juu. Alikuwa anaipaka cheni mafuta. Alizungusha pedali, akasikiliza, akazungusha tena.

Sasa nieleze nilivyomjua mchoraji. Gazeti lilikuwa limeweka chini ya katuni jina la kubuni. Jumatatu iliyofuata niliingia darasa la sita baada ya kipindi cha jiografia. Ubaoni palikuwa na mlima uliochorwa kueleza upepo unavyopanda na kuangusha mvua. Mlima ule una mgongo uliobonyea kama tandiko, na majani yake ni mistari mitatu mitatu, wa katikati mrefu. Nilikuwa nimeutazama mlima huo kwenye gazeti siku kumi na zaidi. Chaki ilinidondoka.

Mwalimu wa jiografia alikuwa mtu wa makamo, Mfipa, Mkatoliki wa kwaya, mpole, mwenye utani wa chini chini. Ndiye aliyeandika kumbukumbu za mkutano ule wa wazazi, na hakuinua kichwa hata mara moja. Nilimfuata ofisini, alikuwa peke yake akisahihisha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwalimu."

"Mlima wako umesahau kuufuta."

Aliweka kalamu chini. Alinitazama, akaona najua.

"Ni mimi," alisema. "Nimetuma katuni kumi na moja kwa posta. Hiyo ndiyo ya kwanza kuchapwa. Nilikuona asubuhi moja pale mteremkoni, upepo umekujaza, nikacheka mwenyewe mpaka nikasimama njiani. Sikuona ubaya. Siku lilipofika gazeti nilitaka kukuambia, nikaogopa."

"Siudhiki na wingu," nilimwambia. "Kwa nini hukunichora uso? Wale wanaume wana mpaka ndevu."

Alishangaa kweli kweli. "Niliuficha, mwalimu. Niliona nikichora uso watu watakujua."

Nilikaa chini. Siku zote zile nilikuwa nimemchukia mtu aliyeniona kama kitambaa kisicho na mtu ndani, kumbe mtu mwenyewe alikuwa ananificha kwa wema. Niliwaza jinsi tulivyokuwa tumebishana mji mzima kuhusu nguo, na kila mmoja isipokuwa bibi, hata aliyenipenda, alikuwa ameuacha uso nje ya mazungumzo. Nilipomaliza kuwaza nikaanza kucheka, naye akacheka kwa woga, na mwalimu mkuu akachungulia akidhani tumepata barua ya mshahara.

"Basi nichore tena," nilisema. "Lakini uje nyumbani, na umwambie baba kwanza."

Alikuja Jumapili mchana baada ya misa, na mke wake, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akilima vitunguu na kuvipeleka sokoni. Baba aliwapokea barazani mbele ya duka. Mwalimu alisimama, kofia mkononi.

"Mzee, mimi ndiye niliyemchora binti yako."

Baba alimsogezea kiti.

"Kaa," alisema. Alipokaa, baba akatoa lile gazeti. "Nimeendesha magari miaka ishirini na tano. Baiskeli hii uliyoichora haina cheni. Haina breki. Mtu anapaaje na kitu kama hiki?"

Mwalimu aliinama akatazama. "Kweli, mzee. Nilisahau."

"Usisahau tena."

Nadhani hilo ndilo lililokuwa likimuudhi baba muda wote, au ndilo alilolichagua limuudhi. Mama alileta chai ya tangawizi na maandazi. Nikakaa kwenye kigoda, hijabu yangu imebanwa vizuri, na mwalimu akaanza kazi kwa penseli huku ukoo mzima umemzunguka. Sijawahi kusikia uso wangu ukijadiliwa namna ile. Mama alisema kipaji cha uso ni kipana zaidi. Baba alisema nyusi hizo ni za upande wake, zichorwe kwa heshima. Bibi alitaka asogezewe penseli aonyeshe mwenyewe.

"Pua si hiyo," alisema. "Pua hiyo ni ya watu wa Ujiji. Pua yake ni yangu, ya Mwimbi. Ibonyeze katikati."

Mwalimu aliibonyeza. Bibi akaridhika. Mke wa mwalimu alicheka mpaka andazi likamwingia njia isiyo yake, ikabidi mama ampigepige mgongoni.

Katuni hiyo ya pili ilinionyesha niko chini, ardhini, juu ya baiskeli yenye cheni, breki na kengele. Nimeinama mbele, nacheka, meno yote nje, hijabu imebanwa kwa pini na gauni kwa kibanio. Nyuma yangu wale wanaume wawili wanakimbiza kofia zao zilizopeperushwa. Mwalimu aliandika maneno chini yake, sisi tukasaidia, akaituma. Wiki zikapita. Tukaanza kudhani imepotea, na siku moja muuza magazeti akaja mwenyewe dukani anahema. Ilikuwa imetoka. Ilikuwa ndogo, kwenye kona, na mhariri alikuwa amekata maneno yote.

Mwalimu alihuzunika. Lakini muuza magazeti aliitundika mbele kabisa kwenye kamba, na kwa kuwa haikuwa na maneno, watu waliosimama pale wakaanza kuyatunga. Kila nilipopita mtu alinirushia lake. Fundi baiskeli alisema yule mwanamke anawaambia wanaume, "Ninyi hamkubana." Wauza mahindi walisema anawaambia, "Njooni darasa la kwanza." Mjumbe wa msikiti, yule wa barua, alinisimamisha mbele ya watu, nikajiandaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anaona mwanamke yule anasema "Bismillahi" tu, maana mteremko ule ni mkali. Nilimwambia hiyo ndiyo iliyo karibu na kweli kuliko zote.

Si kwamba kila mtu aliridhika. Yule mwenye duka aliyeilaumu baiskeli mkutanoni alihamisha watoto wake, na miaka iliyofuata mabishano ya hijabu yalirudi, makali zaidi, katika shule nyingine na kwa watu wengine. Sisi tulipata yetu tukayamaliza kwa namna yetu.

Mwezi wa nane, ardhi ilipokauka vizuri, mke wa mwalimu alinifuata. Alitaka kujua kuendesha. Amechoka kubeba vitunguu kichwani, alisema, na mume wake anajua kuchora baiskeli tu. Tulikwenda uwanja wa mpira wa shule Jumamosi asubuhi. Nilimshika kwa nyuma kwenye tandiko, yeye kitenge kimefungwa kichwani, mimi hijabu imebanwa, na watoto wamejaa mstarini wakihesabu kila alipoanguka. Aliponiambia nimwachie, nilikuwa nimeshamwachia zamani. Alikwenda moja kwa moja, akapita goli, akapita mti wa mkaratusi, akaingia bustani ya jirani ya maharage yaliyotambaa kwenye fito, na kutoka humo, bila kuonekana, tukamsikia anauliza breki iko wapi.